D. O. Misiani, fahali wa benga

Mississippi ina bluzi yake. Ukanda huu wa Ziwa Victoria una benga. Gwiji wake, Daniel Owino Misiani, alizaliwa mwaka 1940 karibu na Shirati, upande wa Tanzania. Katika miaka ya 1960 alivuka mpaka kuingia Kenya, akaunda bendi iliyokuja kuvuma kama Shirati Jazz. Jina ni jazi, ila muziki ni benga tupu.

Tega sikio wimbo wake ukipigwa hapa Obunga, mtaa wa Kisumu, kwenye moshi wa mgongo wazi, mifupa ya samaki waliotolewa minofu, unaokaangwa. Gitaa halikwaruzwi, nyuzi hudonolewa moja moja, mbio mbio, kwa mtindo wa nyatiti, ala ya nyuzi nane ambayo mpigaji wake huigonga kwa pete ya chuma iliyo kwenye kidole gumba cha mguu. Waimbaji wakinyamaza, magitaa hukaza mwendo, na hapo hakuna anayebaki kitini.

Kwa Kijaluo aliimba mafumbo: wanyama walibeba aibu za wanasiasa. Wakubwa walielewa vizuri sana, na alikamatwa zaidi ya mara moja. Mwaka 1987 alipiga muziki Uingereza. Alifariki Mei 2006 katika ajali ya barabarani, Kisumu.