Utunzaji wa mashine ya kukatia karatasi

Utunzaji wa mashine ya kukatia karatasi ni kazi ya kusafisha, kulainisha kwa mafuta, kukagua na kubadilisha kisu cha mashine inayoitwa pia gilotini. Mashine hiyo hukata rundo zima la karatasi kwa mkato mmoja, na ndiyo inayovipa vitabu na madaftari kingo zilizonyooka. Mfaransa Guillaume Massiquot alipata hataza ya mashine ya aina hiyo mwaka 1844, na Wafaransa huiita massicot hadi leo.

Sehemu zinazohusika

Kibano hushuka kwanza na kulishikilia rundo, ndipo kisu kifuate. Nyuma ya rundo kuna kizuizi kinachosogezwa kulingana na kipimo kinachotakiwa. Kisu huishia juu ya kijiti cha plastiki kilicholazwa katika mfereji wa meza. Kwa kuwa kijiti kina pande nne na huweza kugeuzwa ncha kwa ncha, hutumika mara nane kabla ya kutupwa.

Kazi za kila siku

Vumbi la karatasi hufutwa mezani, chini ya kibano na kwenye reli za kizuizi. Vumbi likishikamana na mafuta hugeuka tope gumu, na kizuizi huanza kutoa vipimo vya uongo. Grisi hutiwa mahali palipotajwa katika kitabu cha mashine, kwa kiasi, maana inayozidi huishia kwenye kazi ya mteja. Mashine za haidroliki hukaguliwa pia kiwango cha oili.

Ukaguzi wa usalama haupaswi kurukwa hata siku moja. Mashine huendeshwa kwa vitufe viwili vilivyo mbali ili mikono yote miwili iwe nje ya njia ya kisu. Fundi hubonyeza kimoja tu: kisu kisiposogea, ni sawa. Kisha huviachia vyote katikati ya mkato, na kisu sharti kisimame. Mwanga wa usalama hujaribiwa kwa kuukatiza kwa kipande kirefu cha boksi, kamwe si kwa mkono. Jaribio moja likishindwa, mashine huzimwa hadi itengenezwe. Kufunga kitufe kimoja kwa gundi ya utepe ili kuharakisha kazi ni kukaribisha ukiwete.

Kisu butu

Kisu butu hujulikana kwa kingo zenye mistari au nyuzinyuzi, kwa karatasi za juu kutolingana na za chini, na kwa mlio mzito wa mkato. Karatasi zilizopakwa ung'avu na zile zilizorejelewa hukimaliza mapema. Wenye karakana wengi huahirisha kunoa kwa sababu kila kunoa hupunguza upana wa kisu. Hesabu hiyo ni mbovu, kwani kisu butu huichosha klachi na bolti ya usalama. Bolti hiyo imetengenezwa ikatike mzigo ukizidi. Kuweka ngumu zaidi badala yake ni kuhamishia uharibifu kwenye mitambo ya ndani.

Kubadilisha kisu

Hapa ndipo watu wazoefu hukatika vidole, mashine ikiwa imesimama. Kisu ni kirefu, kizito, na hukata kwa kuguswa tu. Kazi hufanywa na mtu mmoja kwa kufuata kitabu cha mashine, ili asiwepo mwingine wa kubonyeza kitufe wakati bolti zinafunguliwa. Kisu hushikwa kwa vishikio vyake na kufungwa papo hapo kwenye ubao wake wa kubebea, makali yakiwa yamefunikwa. Hakiegemezwi ukutani.

Kisu kilichonolewa hurudishwa pamoja na kijiti kilichogeuzwa upande mpya. Hushushwa kidogo kidogo hadi kikate karatasi ya mwisho na kuacha alama nyepesi tu kwenye plastiki.

Kunoa hufanywa kwa mashine yenye maji ya kupoza; chuma kikigeuka rangi ya bluu kimeungua na kupoteza ugumu wake. Pembe ya makali kwa karatasi za kawaida huwa nyuzi 24 hivi. Mabaki ya chuma yanayosalia ukingoni huondolewa kwa kinoo.