Safari ya mapumziko ya familia: kutoka visiwani hadi Tabora na Sikonge

Sifa njema zote ni za Allah, Mola wa walimwengu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na Masahaba wake. Amma baad.

Kila zinapokaribia likizo za skuli hutufikia masuala kutoka kwa familia zinazotaka kupumzika mbali na nyumbani. Wachache wamealikwa na ndugu zao walioko Ulaya wakateleze kwenye theluji milimani, jua likiwaka. Walio wengi uwezo wao unafika bara, nao huuliza: twende wapi, na dini inatutaka tujiandae vipi? Tumeona tujibu kwa mfano mmoja ulio karibu, nao ni safari ya Tabora na Sikonge, katika njia ya zamani ya misafara. Mwishoni tutawagusia hao wa theluji, kwa sababu hukumu zao nyingi ni hizi hizi.

Hukumu ya safari yenyewe

Kusafiri kwa ajili ya kupumzisha nafsi, kuona nchi ya Allah na kuwatembelea jamaa ni jambo la halali. Likikusudiwa kuunga udugu linakuwa ibada. Familia nyingi za Unguja zina damu ya Unyamwezi na Umanyema, na zipo za Tabora zenye asili ya visiwani. Zimeachana kwa miaka mingi kwa sababu ya umbali tu.

Lakini mapumziko hayasimamishi haki ya mtu yeyote. Haki ya Allah katika Swala, haki ya anayekudai, haki ya mtoto juu ya afya yake na haki ya mwenyeji atakayekupokea, zote husafiri pamoja nawe. Mipango mizuri ni ile inayozilinda haki hizo kabla ya kukata tiketi.

Fedha za safari

Mwenye deni lililofika muda wake alipe kwanza, au apate idhini ya anayemdai. Kukopa kwa riba ili kutembea ni haramu, na hakuna dharura hapo. Tunajua wapo wanaochukua mkopo wa aina hiyo kwa kuona haya mbele ya majirani ambao watoto wao wameshatembea. Mtoto aliyebaki Unguja akapelekwa Jozani na pwani ya Makunduchi hakupungukiwa na kitu. Njia ya salama ni kuweka kidogo kidogo, au kucheza mchezo wa fedha usio na nyongeza, ambao kila mmoja hupokea sawa na alichotoa.

Andika wasia na madeni yako kabla ya kuondoka. Acha matumizi ya wazee na wote wanaobaki chini ya mikono yako.

Wakati na njia

Tabora iko juu ya uwanda wenye kimo cha kiasi cha mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili. Juni na Julai mchana ni jua kavu, na usiku joto hushuka hadi kiasi cha nyuzi 15, baridi ambayo watoto wa visiwani hawaijui. Chukueni sweta na mablangeti. Septemba na Oktoba ni joto kali. Wanaokwenda Disemba watakuta maembe na uyoga wa msituni, lakini pia watakuta tope. Kwa hiyo likizo ya Juni ndiyo bora kwa wenye watoto wadogo.

Kutoka Unguja mtavuka kwa boti hadi Dar es Salaam. Kutoka hapo ipo treni ya reli ya zamani, ambayo ilifika Tabora mwaka 1912. Yapo mabasi, na Tabora ina uwanja wa ndege. Treni ya umeme imekuwa ikibeba abiria hadi Dodoma tangu 2024, na kutoka Dodoma mtaendelea kwa basi. Sikonge iko kusini mwa mji wa Tabora, kiasi cha kilomita 70. Ni nchi ya misitu ya miombo, asali na tumbaku.

Swala safarini

Kwa madhehebu ya Shafi, masafa ya kupunguza Swala ni marhala mbili, ambazo wengi wanazikadiria kuwa kilomita 80 na ushei. Kinachoangaliwa ni mwisho wa safari uliokusudiwa, na aliyenuia Tabora ameyapita masafa hayo kwa mbali. Ruhusa huanza mkishatoka kwenye mipaka ya mji wenu. Adhuhuri, Alasiri na Isha huswaliwa rakaa mbili mbili. Alfajiri na Magharibi hazipunguzwi. Inaruhusiwa pia kukusanya Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha. Anayeswali nyuma ya imamu anayekamilisha naye hukamilisha.

Suala linalowatatiza wengi ni la kukaa. Aliyenuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kufika na siku ya kuondoka, huwa mkaazi na hukamilisha Swala tangu anapofika. Tuchukue mifano miwili.

Familia ya kwanza imefika Tabora Jumamosi na itaondoka Jumatano. Siku kamili ni tatu. Itafika Sikonge Jumatano hiyo na kuondoka Jumapili. Hapo pia siku kamili ni tatu. Hawa ni wasafiri kote, na wanapunguza.

Familia ya pili itakaa wiki mbili Tabora kwa shangazi, na siku moja itakwenda Sikonge asubuhi na kurudi jioni. Hawa wanakamilisha Tabora, kwa kuwa safari yao ya kwanza imekatika kwa kunuia kukaa. Na Sikonge pia wanakamilisha, kwa sababu kilomita 70 kutoka Tabora hazifiki masafa. Wanaume wao Swala ya Ijumaa inawawajibikia hapo Tabora. Wa familia ya kwanza haiwawajibikii, ingawa kuihudhuria ni bora.

Ndugu zetu Ibadhi wao hupunguza kuanzia farsakh mbili, yaani kiasi cha kilomita 12. Wanaendelea kupunguza hata wakikaa muda mrefu, maadamu hawakupafanya mahali hapo kuwa makaazi yao. Katika familia iliyochanganya madhehebu kila mmoja afuate alilofundishwa, na jambo hili lisiwe sababu ya ugomvi njiani.

Kwenye treni mwenye uwezo wa kusimama aswali kwa kusimama na kuelekea Kibla. Kwa kuwa reli inakwenda magharibi, Kibla mara nyingi huwa upande wa kulia mnapokwenda na wa kushoto mnaporudi. Reli hupinda, hivyo thibitisheni kwa dira. Kwenye basi muombeni dereva asimame mapema, kabla ya kukata tiketi ikiwezekana. Aliyenyimwa nafasi mpaka wakati ukawa unatoka, aswali kitini kadiri anavyoweza kwa kuheshimu wakati, kisha airudie akishuka.

Kibla na nyakati za Tabora

Unguja tunaelekea kaskazini takriban moja kwa moja. Tabora iko magharibi zaidi, hivyo Kibla chake ni kaskazini kwa kupinda kidogo kuelekea mashariki. Anayeswali chumbani kwa mazoea ya nyumbani atakosea. Tofauti hiyo inahusu saa pia, kwani jua huchelewa huko kwa kiasi cha dakika 25. Msifuturu funga ya sunna kwa ratiba ya Unguja, wala msiswali Magharibi kwa kuangalia saa mliyoizoea. Sikilizeni adhana ya msikiti wa hapo.

Wanawake wanaosafiri

Safari ya mapumziko si faradhi. Kwa hiyo mwanamke asafiri na mumewe au maharimu wake. Ruhusa waliyoitaja wanazuoni ya kwenda na kundi la wanawake waaminifu wameitaja katika Hijja ya faradhi, na haihamishwi ikaja kwenye matembezi. Baba asiyepata likizo asiwatangulize mabinti peke yao kwa sababu tiketi zimeshalipwa.

Chakula na asali

Tabora ina Waislamu wengi na nyama ya halali inapatikana. Vijijini Sikonge watu wa dini mbalimbali wanaishi pamoja, hivyo ulizeni kwa adabu nani aliyechinja. Palipo na shaka pana samaki, mayai, maharage na mboga.

Asali ya huko ina sifa, na Qur'ani imeitaja asali katika Sura An-Nahl kuwa ndani yake mna tiba. Wenyeji wanafuga nyuki katika mizinga ya magogo na ya magome inayotundikwa mitini. Nunueni kwa wafugaji au vyama vyao. Lakini jihadharini na wanzuki, kinywaji kinachochachushwa kwa asali. Hicho ni kilevi, na kuwa asili yake ni asali hakukihalalishi. Waelezeni vijana mapema, kwani huenda wakakaribishwa kwa wema na mtu asiyejua.

Afya ya watoto

Sehemu hii tunawaomba wazazi waisome mara mbili. Visiwani malaria imepungua sana, na watoto wetu wengi hawajawahi kuiugua. Tabora ni katika mikoa ambayo ugonjwa huu bado uko juu. Mwili usiouzoea huelemewa haraka, na homa ya leo inaweza kuwa hatari keshokutwa.

Kabla ya safari muoneni daktari awaeleze kuhusu dawa za kinga, hasa kwa mjamzito na mtoto mdogo. Chukueni vyandarua vyenye dawa, na jioni vaeni mikono mirefu. Akishikwa na homa mmoja wenu huko, apimwe siku hiyo hiyo. Sikonge ipo hospitali ya Wamoravian, na kutibiwa na asiyekuwa Muislamu hakuna ubaya. Na mkisharudi, yeyote atakayepata homa katika wiki zinazofuata aende kupimwa na aseme wazi kuwa alikuwa bara. Kwa kunyamaza anajidhuru yeye na anaweza kuurudisha ugonjwa mtaani kwao. Allah ametukataza kujitia katika maangamizi kwa mikono yetu, na mzazi ataulizwa juu ya aliowachunga. Misituni pia kuna mbung'o. Msiingie bila mwenyeji.

Kuijua njia na kuwaheshimu watu wake

Richard Burton, Muingereza, aliondoka pwani Juni 1857 akafika Kaze, karibu na Tabora ya leo, Novemba mwaka huo. Alikuta wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili kutoka huku kwetu wameshaweka makaazi. Kwihara, nje kidogo ya mji, lipo tembe alilokaa Livingstone, ambalo leo ni makumbusho. Wapelekeni watoto.

Lakini waambieni ukweli wote. Njia hiyo ilipitisha Uislamu, nguo na shanga, na ikapitisha pia pembe za ndovu na watu waliotekwa, waliofikishwa hadi soko la Unguja mpaka lilipofungwa mwaka 1873. Miongoni mwa waliofaidika na biashara hiyo walikuwamo Waislamu. Dhulma haiwi halali kwa kuwa aliyeifanya alikuwa akiswali. Waambieni pia kuwa wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru waliobeba mizigo kwa ujira, na bila mabega yao hakuna msafara ambao ungefika.

Tunalisema hili kwa sababu bado kuna ndimi visiwani zinazomtaja mtu wa bara kwa dharau. Mtoto aliyeyasikia hayo nyumbani atayatamka mbele ya mwenyeji wake. Ubora kwa Allah ni kwa ucha Mungu, na safari hii ni darasa zuri la kulifundisha hilo.

Mkifikia kwa jamaa, haki ya mgeni katika Sunna ni siku tatu, na baada yake ni sadaka. Haifai kukaa mpaka mwenyeji akaingia katika dhiki. Nendeni na zawadi, changieni chakula, na kina mama wasaidie jikoni.

Wanaokwenda kwenye theluji

Ndugu waliopata mwaliko wa milima ya Ulaya wafuate mpango huu huu, na waongeze mambo matatu. Kwanza, theluji iliyoyeyuka ni maji safi ya kutawadhia, lakini haifai kutayamamia, kwani Shafi wanashurutisha vumbi. Aliyehofia madhara ya baridi na hana cha kupashia maji atatayamamu, na kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu atailipa Swala hiyo.

Pili, msafiri wa Kishafi anaweza kupaka maji juu ya khofu kwa siku tatu na usiku wake. Sharti azivae akiwa na udhu kamili, zifunike vifundo vya miguu, na ziwe imara za kuendea. Soksi nyepesi hazitoshi. Ibadhi hawapaki, huosha miguu.

Tatu, nguo za baridi ni sitara nzuri, lakini ziwe pana. Na chagueni nyumba ya kupanga yenye jiko lenu badala ya hoteli inayouza pombe mezani.

Tunamuomba Allah awawezeshe kusafiri kwa salama, awarudishe kwa salama, na aunge kwa safari zenu udugu uliokatika. Wallahu aalam.