Ghost: Sebule Isiyoingilika
Rachel Whiteread, Uingereza (alizaliwa 1963)
Plasta na fremu ya chuma, 1990

Usitafute pa kuingilia. Unachokiona ni nafasi tupu iliyokuwa ndani ya sebule ya nyumba ya zamani, Archway Road, kaskazini mwa London, sasa imekuwa kitu kigumu cha kuzungukwa. Whiteread alikandika plasta ukutani kipande kwa kipande, akabandua vipande vilipokauka, kisha akavipanga kwenye fremu ya chuma.

Kwa hiyo kila kitu kimegeuka. Swichi ya taa iliyochomoza ukutani, hapa ni kishimo. Jiko la kuotea moto, lililoingia ndani ya ukuta, limetokeza mbele. Likaribie. Weusi ule si rangi, ni masizi halisi ya mioto iliyowashwa humo, yamenata kwenye plasta. Hakuna sehemu ya kazi hii inayogusa moyo kuliko hiyo.

Mwaka 1993 Whiteread aliigeuza hivyohivyo nyumba nzima mashariki mwa London, kwa zege, akaiita House. Mwaka huohuo akawa mwanamke wa kwanza kutwaa Tuzo ya Turner. House ilibomolewa Januari 1994, hasara inayouma mpaka leo. Ghost imo katika hazina ya National Gallery of Art, Washington, tangu 2004.