Punguzo, Kodi na Mashine: Historia Fupi ya Bei Katika Duka la Kampala

Duka la shangazi yangu liko Kikuubo, katikati ya jiji la Kampala. Yeye ni dada wa baba, na sisi Waganda humwita ssenga, kwa hiyo nitamwita hivyo katika insha hii. Anauza mabeseni, ndoo, madumu na chupa za chai. Kila likizo ya chuo mimi husimama naye nyuma ya kaunta, na kwa kuwa ninasoma Kiswahili na Historia, huniachia wateja wanaotoka Arua na sehemu za mpakani ambao Kiganda kinawapa tabu. Ninakusudia kueleza historia ya jambo linaloonekana kuwa la hesabu tu, yaani punguzo la bei na kodi inayotozwa juu yake. Nitaanza na kosa lililotokea dukani, kisha nitarudi nyuma kutafuta lilitoka wapi.

Siku moja alikuja mama mmoja kutoka Arua, mteja wa miaka mingi. Alichagua bidhaa zake, tukajumlisha, ikawa shilingi 1,180,000 pamoja na kodi. Akasema, "Mama, hapo unipunguzie, usafiri umepanda." Ssenga akalalamika kidogo kama ilivyo desturi, mwishowe wakakubaliana 1,100,000. Niliingiza punguzo la 80,000 kwenye kompyuta, risiti ikatoka, yule mama akaondoka na mzigo wake. Hakuna aliyeona ubaya wowote.

Mwisho wa mwezi Ssenga alifungua daftari lake. Ana kompyuta, lakini daftari hajaliacha. Kila jioni huandika fedha iliyoingia kweli. Alichukua jumla ya mauzo, akazidisha kwa 18, akagawanya kwa 118, kwa sababu bei zake zote huwa na kodi ya asilimia 18 ndani yake. Jibu lilikuwa dogo kuliko kodi aliyoambiwa alipe. Tulikaa mpaka usiku tukilinganisha risiti moja baada ya nyingine, na ya yule mama wa Arua ndiyo iliyotufungua macho. Programu ilikuwa imekokotoa kodi kwanza, shilingi 180,000 juu ya bei ya mwanzo, kisha ikatoa punguzo chini kabisa, baada ya jumla. Fedha iliyoingia ni 1,100,000, na kodi iliyomo ndani yake ni takriban 167,797. Tofauti ni shilingi 12,203 kwa mteja mmoja. Na katika duka la Kikuubo nani huuziwa bila kupunguziwa?

"Kwa hiyo nimekuwa nikilipa kodi ya fedha ambayo sijawahi kuishika," Ssenga alisema. Akanyamaza kidogo, halafu akaongeza neno lililonitia wasiwasi: "Basi kesho atakayetaka kupunguziwa nitamuuzia bila risiti." Hakufanya hivyo, lakini niliona jinsi mtu mwaminifu anavyoweza kusukumwa nje ya sheria na kosa la hesabu. Ndipo nilipoanza kujiuliza: je, sheria yenyewe ilisahau punguzo, au iliyosahau ni mashine?

Jibu la swali hilo lilinirudisha mwaka 1996. Kabla ya mwaka huo Uganda ilikuwa na kodi ya mauzo na ushuru mwingine uliotozwa kwenye huduma. Tarehe 1 Julai 1996 hizo mbili ziliondolewa, ikaingia Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo mitaani kila mtu huiita VAT. Kiwango chake kilikuwa asilimia 17. Mwaka 2005 kikapanda hadi 18. Ssenga wakati huo alikuwa msichana wa dukani. Anakumbuka maduka yakifungwa kwa mgomo na wakubwa wao wakijadiliana barazani. Serikali ilirudi nyuma kidogo: kiwango cha mauzo ya mwaka kinachomlazimu mfanyabiashara kujiandikisha, kilichokuwa shilingi milioni 20, kikapandishwa hadi milioni 50. Mwaka 2015 kilifika milioni 150.

Nilipokuwa shule ya sekondari nilifahamu kwamba wafanyabiashara waligoma kwa sababu hakuna apendaye kulipa kodi. Sasa nadhani maelezo hayo hayatoshi. Kodi hii ilizaliwa Ufaransa mwaka 1954, na inategemea karatasi. Kila muuzaji hutoza kodi kwenye alichouza, hukata ile aliyolipa aliponunua, na tofauti huipeleka serikalini. Bila ankara mnyororo huo hukatika. Kwa hiyo kodi hii inataka bei iliyoandikwa, na katika soko letu bei ilikuwa ni maneno. Muuzaji hutaja, mnunuzi hushusha, wakakutana katikati. Wakati mwingine punguzo hata si fedha: mwenye nyanya au viazi huongeza viwili vitatu juu ya fungu, na hiyo tunaiita nyongeza. Mtu aliyezoea biashara ya namna hiyo aliambiwa ghafla aandike kila kitu. Kilichomtisha kilikuwa kiasi cha kodi, na pia ile kalamu.

Hata hivyo, nilishangaa kugundua kwamba sheria ya 1996 haikusahau punguzo. Inaeleza kwamba malipo yanayotozwa kodi hupunguzwa na punguzo lolote lililotolewa na kuhesabiwa wakati wa mauzo. Maana yake ni wazi: ukimpunguzia mteja palepale, kodi inafuata bei mpya. Ukimpunguzia baadaye, baada ya ankara kutoka, unapaswa kutoa hati ya kuirekebisha ankara hiyo. Kwa hiyo Ssenga alikuwa na haki tangu alipokuwa msichana wa dukani. Mashine ndiyo iliyomnyima.

Sasa nigeukie mashine. Mashine ya kuhesabia fedha dukani ilipata hataza Marekani mwaka 1879. Mbunifu wake, James Ritty, alikuwa na baa mjini Dayton, Ohio, na aliamini kwamba wafanyakazi wake wanamwibia. Tangu siku ya kwanza, basi, mashine hii ilitengenezwa kwa kutoamini mkono wa anayeuza. Baadaye ilikuja kompyuta, lakini bado ilikuwa mali ya mwenye duka na ilimtumikia yeye.

Katika nchi zetu mabadiliko makubwa yalikuja pale serikali ilipoiingia mashine hiyo. Kenya, iliyoanza VAT mwaka 1990, ilileta mashine maalumu za risiti katikati ya miaka ya 2000. Tanzania, iliyoanza VAT mwaka 1998, ilileta zake mwaka 2010. Rwanda ilifuata mwaka 2013. Uganda ilichelewa. Mfumo wetu unaitwa EFRIS, na wafanyabiashara waliojiandikisha kwa VAT walilazimika kuutumia kuanzia Januari 2021. Kila risiti hupewa namba na Mamlaka ya Mapato, pamoja na alama ya mraba ambayo mteja anaweza kuisoma kwa simu. Ritty hakumwamini mfanyakazi. Safari hii serikali haimwamini mwenye duka.

Si haki kusema kwamba serikali haina sababu. Punguzo ni mlango rahisi wa kujificha. Muuzaji anaweza kupokea 1,180,000, akaandika kwamba alimpunguzia mteja 400,000, na kodi ya hizo 400,000 ikabaki mfukoni mwake ilhali mteja ameilipa. Ndiyo maana mfumo unataka punguzo lionekane kwenye bidhaa husika kabla ankara haijatumwa, na ukitaka kuirekebisha baadaye ni lazima uombe na ueleze sababu. Ugumu huo una maana yake. Tatizo ni kwamba kati ya sheria na mwenye duka amekaa mtu wa tatu, mwandishi wa programu. Yeye ndiye anayeamua punguzo liwekwe kabla ya kodi au baada yake, na iwapo punguzo la jumla litagawanywa kwa uwiano pale ambapo baadhi ya bidhaa zina kodi na nyingine hazina. Uamuzi wake haupiti bungeni, na mwenye duka hauoni mpaka mwisho wa mwezi, kama ana daftari.

Aprili 2024 maduka mengi ya katikati ya Kampala yalifungwa tena, na EFRIS ilikuwa miongoni mwa malalamiko makubwa. Mimi nilikuwa chuoni. Nilipompigia Ssenga alikuwa nyumbani anafua. Wenzangu bwenini walisema wafanyabiashara wanataka kukwepa kodi. Wapo wanaotaka, siwezi kukana. Lakini kila nilipowasikia nilifikiria shilingi 12,203. Miaka 28 ilikuwa imepita tangu mgomo wa kwanza, na ugomvi kwa sehemu kubwa ulikuwa uleule, wa bei ya mdomo na bei ya maandishi. Tofauti ni kwamba mwaka 1996 bei iliandikwa na muuzaji mwenyewe, na sasa inaandikwa na programu ambayo wengi hawajui inavyofikiri.

Kosa la dukani kwetu lilirekebishwa. Alikuja fundi wa kompyuta, kijana wa rika langu, akabadilisha mpangilio ili punguzo liingie kwenye kila bidhaa kabla ya kodi. Ilimchukua muda mfupi sana. Ankara za nyuma zilituchukua wiki kadhaa, kwa sababu kila moja ilihitaji hati yake na maelezo yake. Zile za miezi ya mwanzo Ssenga alizisamehe, akasema muda wake una thamani kuliko fedha hiyo.

Kwa kuhitimisha, ninaamini kwamba tunapofundishwa historia ya kodi tunaambiwa habari za serikali na za wafanyabiashara, lakini hatuambiwi habari za vyombo vilivyo katikati yao: daftari, ankara, mashine na programu. Vyombo hivyo ndivyo vinavyoamua kama haki iliyoandikwa kwenye sheria itafika kaunta. Likizo iliyopita yule mama wa Arua alirudi, akaomba apunguziwe kama kawaida. Ssenga alimpunguzia, kisha akanigeukia na kuniuliza kwa Kiganda kama nimeliingiza juu ya kodi au chini yake. Nilimwonyesha risiti. Akaisoma yote, akafungua daftari, akaandika.