YOGA ILIANZA NA AKILI, SIO VIUNGO (Sehemu ya 4)

Tukisikia yoga, wengi tunawaza dada mwembamba kajikunja kama chapati. Basi mama mwenye kichanga anasema, "hiyo sio yangu." Leo tuangalie historia kidogo.

Zaidi ya miaka 1500 iliyopita huko India, mafundisho ya yoga yalikusanywa kwenye kitabu kidogo kiitwacho Yoga Sutra, kinachohusishwa na mwalimu Patanjali. Kina sentensi fupi zisizofika 200. Sasa sikia: zinazozungumzia mkao wa mwili ni 3 tu! Na agizo lenyewe ni ukae imara na kwa raha. Sehemu kubwa inahusu akili inavyorukaruka na namna ya kuituliza. Nyenzo zake kuu ni mbili: kufanya mazoezi kwa muda mrefu bila kukatisha, na kuachilia usichoweza kukishikilia.

Mikao mingi tunayoiona leo ilikuja baadaye. Miaka ya 1930, mwalimu Krishnamacharya alikuwa akifundisha mjini Mysore. Mwaka 1934 akampokea shemeji yake, B.K.S. Iyengar. Kijana huyu alizaliwa 1918 wakati wa janga la mafua, na mama yake aliugua akiwa na mimba yake. Utotoni akapata malaria, homa ya matumbo na kifua kikuu. Mwili dhaifu, umekakamaa! Lakini aliendelea siku hadi siku, akawa mwalimu wa dunia nzima, na akafariki 2014 akiwa na miaka 95. (Jamani, TB inatibiwa kwa dawa. Usije ukaacha dozi.)

Kwa hiyo wewe mama, mtoto akilala, kaa hata kwenye kigoda, mgongo wima. Vuta pumzi taratibu, itoe taratibu zaidi. Dakika 5. Akili ikikimbilia nepi na ada, irudishe kwenye pumzi. Ikikimbia tena, irudishe tena. Hukushindwa hapo, huko kurudisha ndiyo zoezi lenyewe.

Ila huzuni baada ya kujifungua ikizidi wiki 2, njoo kituo cha afya. Na ukipata mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, njoo leo leo, usije peke yako. Pumzi inasaidia, lakini haichukui nafasi ya matibabu.

Mtumie mama mwenzio aliyejifungua juzi.