Maandishi Juu ya Kifaru

Katika sanduku la modeli ya kifaru cha vita, kitu chepesi kuliko vyote ni karatasi ya chapa. Vipande vya plastiki huhesabika kwa mamia, minyororo huunganishwa pingili kwa pingili, na rangi huchukua majuma kukamilika. Lakini karatasi ile, isiyozidi kiganja, hulala chini ya sanduku ikiwa na misalaba, nyota, nambari na majina madogo ambayo jicho la mtu mzima haliyasomi bila miwani. Fundi huiacha mpaka karibu na mwisho. Kabla ya kuibandika, alichonacho mkononi ni kifaru chochote kile. Akishaibandika, kimekuwa kifaru fulani, cha kikosi fulani, cha mwaka fulani, mahali ambapo watu fulani walikufa.

Vifaru viliingia vitani kwa mara ya kwanza tarehe 15 Septemba 1916, huko Flers-Courcelette, Ufaransa, katika mapigano ya Somme. Waingereza walioviunda walitaka siri isivuje, wakavipa jina la chombo cha kuwekea maji, na jina hilo la kujificha likabaki katika lugha yao mpaka leo. Hawakuishia hapo. Baadhi ya vifaru vile viliandikwa ubavuni, kwa herufi za Kirusi, maneno ya kuagiza kwamba mzigo huo ubebwe kwa uangalifu hadi Petrograd. Kwa hivyo maandishi ya mwanzo kabisa kuandikwa juu ya kifaru yalikuwa uwongo. Kiswahili, ambacho hakikuwa na siri ya kuificha, kilikitazama chombo chenyewe, ngozi yake nene na mwendo wake wa kusukuma mbele bila kuuliza njia, kikakiita kwa jina la mnyama. Ni vigumu kusema kwamba tafsiri hiyo haikulishinda neno la asili.

Hata rangi ya vifaru vya kwanza ilipakwa na msanii. Solomon J. Solomon, mchoraji wa picha za watu na mwanachama wa Royal Academy ya London, ndiye aliyepewa kazi ya kuvichora ili visionekane kwa urahisi, naye akavitia mabaka ya rangi nyingi kana kwamba vilikuwa turubai la kuchorea mandhari. Kazi yake haikudumu. Tope la Ufaransa lilifunika mabaka yote kwa siku chache, na jeshi likarejea kwenye rangi moja ya kahawia. Mafundi wa modeli wa leo, wanaotumia siku nzima kuchora tope hilo kwa brashi yenye nywele tatu, huenda ndio pekee wanaomwonea Solomon huruma.

Baada ya uwongo yakaja majina. Wanajeshi wa Kiingereza walivipa vifaru vyao majina yaliyoanza kwa herufi ya kikosi chao: kikosi cha D kilitumia majina ya D, na desturi hiyo ikaendelea katika vita vya pili, ambapo rejimenti ya saba ilitumia G, herufi ya saba. Kifaru D51, kilichoitwa Deborah, kilipigwa mizinga katika kijiji cha Flesquières tarehe 20 Novemba 1917, siku ya kwanza ya mapigano ya Cambrai, na watano kati ya watu wake wakauawa. Kilizikwa ardhini na kusahauliwa, kikafukuliwa mwaka 1998, na sasa kina jumba lake la makumbusho kijijini hapo hapo. Msomaji wa mwambao hatashangaa kwamba watu walikipa jina chombo walichokuwa wakienda nacho hatarini. Majahazi yana majina, kanga ina jina, na mtepe, uliokuwa ukishonwa kwa kamba badala ya misumari, ulichorwa macho kwenye omo yake. Mitepe ilipotoweka mwanzoni mwa karne ya 20, umbo lake na macho yake yalibaki katika picha chache na katika modeli. Modeli huitwa mchezo, lakini mara nyingine ndiyo shahidi anayesalia.

Kuna alama zilizookoa na kuna zilizoua. Ujerumani ilipoivamia Poland mnamo Septemba 1939, vifaru vyake vilikuwa na misalaba mikubwa myeupe iliyojaa rangi, ili ndege za upande wao zisivishambulie. Wapiga mizinga wa Poland waliiona vizuri zaidi kuliko marubani, wakaifanya shabaha. Wanajeshi waliokuwa ndani wakaanza kuipaka tope, wengine wakaifunika kwa rangi ya manjano, na muda si muda jeshi likabadili msalaba wenyewe ukawa wa mistari ya pembeni tu. Miaka mitano baadaye, huko Normandy, Wamarekani nao walizifunika nyota zao nyeupe kwa sababu hiyo hiyo. Fundi anayebandika nyota safi inayong'aa kwenye kila upande wa kifaru cha Julai 1944 amefuata maelekezo ya sandukuni, lakini huenda hakuwafikiria watu waliokaa ndani.

Ufundi wa kuhamisha picha kutoka kwenye karatasi ulianza mbali na vita. Katika karne ya 18 wachoraji na wachapaji walikuwa wakitafuta njia ya kupamba vyombo vya udongo bila kumlipa mchoraji kwa kila sahani. Mwaka 1756, mjini Liverpool, John Sadler na Guy Green walikula kiapo kwamba wameweza kuchapa vigae zaidi ya 1,200 kwa saa sita, kwa kuchapa wino kwenye karatasi na kuuhamishia juu ya kigae. Mwambao wa Afrika Mashariki uliwafahamu wajukuu wa ufundi huo kabla ya kufahamu kifaru: vyombo vya Ulaya vya karne ya 19, vingine vilivyopakwa kwa mkono, vingine kwa mhuri wa sponji na vingine kwa karatasi ya kuhamishia, vilifika Unguja kwa meli, na vigae vyake bado huokotwa kwenye magofu. Wafaransa waliupa ufundi huo wa kuhamisha picha jina refu, na katika miaka ya 1860 ukawa mchezo uliowashika watu wa Uingereza kama homa. Jina hilo refu likakatwa likawa neno ambalo mafundi wa modeli duniani kote wanalitamka leo: dekali.

Ni Shizuoka, Japani, iliyoiunganisha dekali na kifaru kwa namna ambayo watoto wa nchi nyingi waliijua. Mji huo uliteketezwa kwa mabomu ya moto mnamo Juni 1945. Ulikuwa mji wa maseremala na mbao, na mwaka 1946 Tamiya Yoshio alianzisha hapo biashara ya kupasua mbao, iliyogeuka baadaye kuwa kiwanda cha modeli za mbao. Plastiki ilipoingia kutoka Marekani, modeli za mbao zikakosa wanunuzi. Modeli ya kwanza ya plastiki ya Tamiya, manowari Yamato ya mwaka 1960, ilishindwa sokoni. Mwanawe Yoshio, Tamiya Shunsaku, akajaribu tena kwa kifaru cha Kijerumani cha aina ya Panther, chenye mota ndani, na sanduku lililochorwa na Komatsuzaki Shigeru. Kipimo chake cha 1/35, ambacho sasa ni kama sheria, hakikutoka kwenye hesabu yoyote ya kijeshi. Kifaru kilifanywa kikubwa kiasi cha kumeza betri na mota, na kilipopimwa kikaonekana kuwa karibu na sehemu moja ya 35 ya kifaru halisi. Baadaye Shunsaku alisafiri mpaka Aberdeen huko Maryland na Bovington huko Uingereza, akivipiga picha na kuvipima vifaru vya makumbusho. Alifariki mwezi Julai 2025, akiwa na umri wa miaka 90. Nchi ambayo katiba yake ya mwaka 1947 iliikataa vita ndiyo iliyoifundisha dunia kutengeneza vifaru vidogo, na vilivyopendwa mno vilikuwa vya jeshi jingine lililoshindwa.

Kazi yenyewe inataka subira ya mshona kofia. Baada ya rangi ya msingi huja rangi ya kifaru, na hapa historia inamwamuru fundi kabla hajafungua kopo. Vifaru vya Ujerumani vilikuwa vya kijivu cha giza mpaka Februari 1943, amri ilipotoka kwamba vipakwe manjano iliyoiva. Wanajeshi walipewa rangi nzito ya kijani na ya kahawia nyekundu, waichanganye wenyewe na petroli au maji na kuipulizia watakavyo. Hakuna vifaru viwili vilivyofanana, na aliyekuwa na maji tu, rangi yake ilichuruzika mvua iliponyesha. Fundi anayependa uhuru huanzia hapo. Rangi huhitaji kufifishwa kidogo, maana kitu kidogo kilichopakwa rangi halisi ya kitu kikubwa huonekana cheusi mno.

Kisha hupakwa vanishi ya kung'aa, jambo linalomshangaza mwanagenzi, kwani kifaru haking'ai. Rangi kavu isiyong'aa ina vinundu visivyoonekana, na hewa ikinaswa chini ya dekali huacha weupe wa fedha unaotangaza kwa kila mtu kwamba hapa pamebandikwa kitu. Dekali hukatwa, hutumbukizwa katika maji ya vuguvugu kwa nusu dakika, na gundi inapolainika husukumwa polepole kwa ncha ya brashi kutoka kwenye karatasi hadi mahali pake. Ni utando mwembamba wa laka, na ukikunjika haukunjuki. Dawa ya kulainisha huufanya ulegee, ujikunje kama ngozi iliyoungua, na fundi asiyejua huupeleka mkono akauharibu. Anayejua huondoka akanywe chai, akirudi aukute umelala juu ya kila msumari na kila mfereji. Vigumu kuliko vyote ni vifaru vilivyopakwa Zimmerit, ukandiko wenye matuta ambao Wajerumani waliutumia dhidi ya mabomu ya sumaku kuanzia mwaka 1943 hadi Septemba 1944. Msalaba ukibandikwa juu ya matuta hayo hupasuka, na wengi huacha dekali wakauchora kwa mkono, kama alivyofanya mwanajeshi mwenyewe. Mwishowe vanishi isiyong'aa hufunika vyote, na mpaka kati ya rangi na karatasi hupotea.

Mafundi hawa ni wakali wa ukweli, lakini ukweli wenyewe una mitego. Waingereza walipopigana katika jangwa la Misri na Libya mwaka 1940 na 1941, vifaru vyao vilichorwa pande za rangi tatu zenye kona kali, mpango uliopewa jina la Brigedia Caunter. Kwa miongo mingi mafundi waliipaka rangi moja ya hizo samawati hafifu, kwa sababu ndivyo vifaru vilivyopakwa upya katika makumbusho vilivyoonekana. Mtafiti Mike Starmer alipozirudia nyaraka, akaonyesha kwamba ilikuwa rangi ya kijivu iliyoelekea kijani. Modeli za samawati ziko kwenye makabati mpaka leo, nzuri za kutazama.

Na kuna ukweli ambao sheria haiutaki uonekane. Ujerumani huzuia alama za Kinazi kuonyeshwa hadharani, isipokuwa kwa elimu, sanaa na mfano wa hayo. Basi katika masanduku mengi ya modeli, hasa za ndege, alama ile huondolewa, au huchapwa vipande viwili ili anayeitaka aiunganishe mwenyewe kwa kibano. Wako wanaolalamika kwamba historia imekatwa. Lakini kukatwa huko kuna haki yake: chapa iliyokuja tayari hubandikwa bila kufikiri, ilhali ya vipande viwili humlazimu mtu aamue kwa mkono wake.

Wapenzi wa ushairi wana kifaru chao. Mwaka 1942, wachoraji watatu wa Kisovieti waliofanya kazi pamoja kwa jina la Kukryniksy, na washairi Marshak, Mikhalkov, Gusev na Tikhonov, walitoa fedha za tuzo zao kununulia jeshi kifaru kizito cha aina ya KV. Kiliitwa Kisicho na Huruma. Wachoraji wakamchora Hitler wa dhihaka kwenye mnara wa mzinga, na beti za Marshak zikaandikwa kando. Marshak alijulikana zaidi kwa mashairi ya watoto na kwa kutafsiri soneti za Shakespeare. Anayetaka kukitengeneza kifaru hicho kwa kipimo cha 1/35 atakuta kwamba herufi yenye kimo cha sentimita 7 inakuwa ya milimita 2, na ubeti mzima unakaa kwenye ukucha. Hausomeki kwa mbali. Lakini ukikosewa herufi moja, mjuzi wa Kirusi ataiona.

Mwaka uliofuata, Mariya Oktyabrskaya, ambaye mumewe aliuawa vitani mwaka 1941, alitoa rubli 50,000 kununulia kifaru cha aina ya T-34, akaomba mambo mawili: akiendeshe yeye mwenyewe, na kiitwe kwa maneno ya Kirusi yanayoweza kutafsiriwa Mwenzi wa Vitani. Tafsiri hiyo inapungukiwa, kwani Kiswahili husema mwenzi bila kumtenga mke na mume, na neno la Kirusi linasema wazi kwamba ni mwanamke. Aliingia vitani Oktoba 1943. Januari 1944 alitoka nje kutengeneza mnyororo uliokatika huku mizinga ikipiga, akajeruhiwa kichwani, na akafariki tarehe 15 Machi. Kifaru chake kilipoteketea, wenzake walipewa kingine, nao wakaandika juu yake jina lile lile.

Dekali za jina hilo huja mbili, moja kwa kila upande wa mnara wa mzinga. Mafundi wengi huanza na ya kushoto.