Shahada ipi yamfaa kijana apendaye wanyama na mazingira?

KIJANA aliyelelewa Lunga Lunga, mpakani mwa Kenya na Tanzania, hahitaji kufundishwa kupenda wanyama. Amechunga mbuzi tangu utotoni, na hadithi za ndovu wanaovamia mashamba amezisikia kabla hajaingia darasani.

Tatizo huja wakati wa kuchagua kozi ya chuo kikuu. Wengi huandika udaktari wa mifugo kwa kuwa ndiyo kozi pekee ya wanyama waliyowahi kuisikia. Majuto ni mjukuu: huenda mwanafunzi akagundua mwaka wa pili kwamba alitaka kitu kingine, ilhali mzazi ameshauza ng'ombe ili kulipa karo.

Mfano mmjoa wa karibu waonyesha upana wa taaluma hizi. Mwaka 2005, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) lilihamisha ndovu kutoka Shimba Hills hadi Tsavo Mashariki kwa sababu walikuwa wamezidi nafasi iliyopo. Daktari alihitajika kuwadunga dawa ya usingizi. Hata hivyo, kuamua kwamba idadi imezidi, na kwamba makao mapya yatawatosha, ni kazi ya wataalamu wa usimamizi wa wanyamapori na ikolojia.

Kwa hivyo, kabla ya kuchagua, jiulize: je, ningependa kumtibu mnyama mmoja mmoja, au kulinda kundi zima pamoja na makao yake?

Anayetaka kutibu asomee udaktari wa mifugo. Chuo Kikuu cha Nairobi hufundisha shahada hiyo katika bewa la Kabete kwa miaka mitano, na Chuo Kikuu cha Egerton pia huitoa. Baiolojia na kemia ni nguzo zake. Ajue mapema kwamba madaktari wengi hutibu ng'ombe, mbuzi, kuku na mbwa. Wanaotibu ndovu na simba ni wachache mno.

Anayependelea mbuga na misitu atazame shahada za usimamizi wa wanyamapori, kama zinazotolewa na Chuo Kikuu cha Eldoret na Chuo Kikuu cha Maasai Mara. Kwale ni darasa tosha: Shimba Hills ndiko makao ya palahala wa Kenya, na Mwaluganje wenyeji walitenga ardhi yao kuwa hifadhi ya ndovu. Kazi hii yahitaji pia stadi ya kuzungumza na watu, kwani mkulima aliyepoteza mahindi yake hatulizwi kwa takwimu.

Anayevutiwa na bahari asomee baiolojia ya bahari na uvuvi, kozi inayopatikana Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi. Kisite-Mpunguti, karibu na Shimoni, kuna matumbawe, kasa na pomboo. Huko Gazi na Makongeni, mradi wa Mikoko Pamoja ulianza mwaka 2013 kuuza hewa ya kaboni inayohifadhiwa na mikoko, na mapato yake yakasaidia maji na shule za vijiji hivyo.

Alama ya chini ya kusomea shahada nchini ni C+ katika KCSE, ingawa kozi zenye ushindani huhitaji zaidi. Asiyeifikia asikate tamaa. Vyuo vya AHITI vya Kabete, Ndomba na Nyahururu hufunza afya ya mifugo. Naivasha kuna taasisi ya utafiti na mafunzo ya wanyamapori, na Londiani kuna chuo cha misitu. Aliyehitimu stashahada huweza kuendelea hadi shahada baadaye.

Mkazi wa Lunga Lunga asisahau pia kutazama ng'ambo ya Horohoro. Chuo cha Mweka, karibu na Moshi, kimekuwa kikifunza wasimamizi wa wanyamapori wa Afrika tangu mwaka 1963. Lakini kwa kuwa Tanzania ina kidato cha tano na cha sita, ni lazima mwanafunzi aulize kwanza iwapo cheti chake cha Kenya kitakubaliwa, na iwapo kile atakachopata kitatambuliwa nyumbani.

Hatua ya mwisho haina gharama kubwa. Kabla ya kuthibitisha kozi kwa KUCCPS, omba kujitolea siku chache kwa afisa wa mifugo wa wadi yako, au kwa wahifadhi wa mbega huko Diani, ambao hutundika madaraja ya kamba juu ya barabara ili tumbili hao wavuke salama. Safisha vizimba, beba vifaa, tazama kidonda kikishonwa. Ukirudi nyumbani umechoka na bado unatamani kurudi kesho yake, utakuwa umepata jibu ambalo fomu haiwezi kukupa.